Mkuu wa Sikukuu Hana Kadi

Waipahu, Hawaii
6 Septemba 1998

Manang Tiva, dada yangu mkubwa na hakimu wangu,

Barua yako imefika Ijumaa ikanikuta nimelala chali sakafuni nanyoosha mgongo, ikabidi mke wangu Choleng anisomee, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Hapa sote wazima. Choleng bado anapika jikoni hospitalini, na mimi bado nasukuma mashine ya kung'arisha sakafu pale uwanja wa ndege. Ukisikia watu huko kijijini kwetu Dingras wanasema Eleuterio ana kazi kwenye mambo ya usafiri wa anga, usiwakatalie. Niliwaambia mimi mwenyewe.

Nanang anaendeleaje? Umejaza kurasa nne, ukurasa mzima ni vitunguu saumu, halafu mama yetu mzazi umempa mstari mmoja: "Nanang yupo." Yupo vipi?

Haya, nije kwenye jambo lenyewe. Unasema Nanang alisimama kanisani baada ya misa akatangaza kwamba mwanawe amepata kadi ya kijani, sasa ni mkaazi wa kudumu wa Amerika, na wazee wakakaa palepale wakanichagua niwe Hermano wa sikukuu ya kijiji mwezi wa pili. Mimi! Mkuu wa sikukuu! Mimi niliyefukuzwa utumishi wa altareni kwa kusinzia na chetezo mkononi! Nimemwambia Choleng, akacheka mpaka akakaa chini. Baadaye nilimfumania anapiga pasi shati langu jeupe, nikajua na yeye kaingiwa na fahari.

Hilo la kadi tuliache kwanza, ni mambo marefu ya ofisi. Waambie wazee nimekubali.

Mdogo wako,
Teryo


Dingras
28 Septemba 1998

Ading yangu Teryo, mdogo wangu na bwana mkubwa,

Tufani imepita, imeondoka na paa la jiko, bata wote wamebaki. Goti langu limekufa kabisa. Nikipiga magoti kanisani lazima watu wawili waninyanyue kama gunia la mpunga, kwa hiyo siku hizi nasali nimesimama, Mungu anifahamu hivyohivyo. Nanang amepungua kidogo, anakula kidogo kidogo, umri huo.

Tangu lile tangazo lake Nanang anatembea na picha yako ndani ya mkoba. Ile uliyopigwa na suti. Anamwonyesha kila mtu, hata muuza samaki, na mama Ulpiana ambaye mwanawe yuko Alaska hajafungua mdomo wiki ya tatu sasa. Kijana wetu aliyekaa kapera mpaka miaka hamsini, leo ana mke, ana suti, ana kadi! Nguruwe amekwisha chaguliwa. Ni dume, ana hasira, nimempa jina lako.

Sasa nataka tarehe. Hermano ndiye anayetangulia mbele ya Bikira kwenye maandamano, ndiye anayelisha kijiji kizima nyumbani kwake. Hayo hayafanywi kwa posta. Nanang ananiuliza kila asubuhi kabla hata sijanawa uso: "Ameandika anafika lini?" Nijibu nini?

Manang wako,
Primitiva


Waipahu
25 Oktoba 1998

Manang Tiva mpendwa,

Natumaini paa limerudi. Choleng anakusalimu, amenunua dawa ya kuchua goti, nitaituma kwenye boksi la Krismasi pamoja na sabuni na kofia za Nanang.

Kuhusu tarehe, kuna vikwazo vidogo. Kwanza mgongo. Daktari anasema kukaa kwenye ndege saa kumi kunaweza kuniharibia. Halafu kuna jino, la nyuma kabisa, linang'olewa kwa awamu. Halafu bosi wangu kaniambia Februari ndiyo miezi ya watalii, sakafu zinachafuka kuliko kawaida. Na juu ya yote Choleng kaota ndege imeanguka. Mimi siamini ndoto, lakini yeye ndiye anayepika.

Je, Hermano hawezi kuwa na msaidizi? Wewe una sauti nzuri ya kuamrisha watu.

Mwambie Nanang nampenda.

Teryo


Dingras
15 Novemba 1998

Teryo,

Leo sina salamu. Sote tupo, basi.

Katika barua moja una mgongo, jino, bosi na ndoto ya mkeo. Ulipokuwa na miaka tisa ukavunja mtungi wa siki ulileta sababu nne vilevile, na ya nne ilikuwa paka. Februari si "miezi", ni mwezi mmoja, tena mfupi. Jino gani linang'olewa kwa awamu, wewe? Ni mhogo?

Nieleze kweli. Umegombana na Choleng? Umefukuzwa kazi? Umefungwa, unaandika kutoka gerezani na kubandika stempu nzuri? Chochote kile, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, hunishindi kwa aibu.

Nanang ameacha kuuliza asubuhi. Sasa ananitazama tu nikifungua barua.

Njoo, Teryo. Siandiki zaidi ya hapo. Njoo tu.

Tiva


Waipahu
6 Desemba 1998

Manang,

Tunapumua. Kaa chini kabla hujaendelea, na kama Nanang yupo karibu, barua hii isome bila kutikisa midomo.

Sina kadi.

Sijawahi kuwa nayo. Nilichonacho ni karatasi ya kuniruhusu kufanya kazi, na barua inayosema ombi langu limepokelewa. Limepokelewa, Manang, habari yenyewe yote ndiyo hiyo. Ile picha ya suti nilipiga siku ya kupiga picha za kupeleka uhamiaji. Suti ni ya marehemu mume wa kwanza wa Choleng, mtu wa mwili, na nyuma imebanwa kwa vibanio saba vya kuanikia nguo. Nilimtumia Nanang nikamwandikia, "Picha ya kadi." Yeye akaenda nayo kanisani. Nami niliposikia nimekuwa Hermano, badala ya kusema hapana jamani, subirini kwanza, nikajiangalia kwenye kioo.

Sasa tatizo ni hili. Mtu ambaye ombi lake halijaamuliwa, akitoka nchini bila kibali maalumu cha safari, anahesabiwa amelitupa ombi lake mwenyewe. Anaanza upya, tena akiwa nje ya mlango. Mimi niliingia kwa viza ya matembezi, nikamkuta Choleng, nikaoa. Viza ile hawanipi tena. Choleng ana kisukari kimemshika mguu, hospitali yake iko hapa, hawezi kuja kuishi huko. Nikitoka hivihivi nitampoteza yeye, au nitakaa huko miaka namsubiri mtu anikumbuke.

Utauliza, kibali cha safari kipo? Kipo! Fomu yake ilikuwa palepale mezani kwa mwanasheria, kando ya zile nyingine. Ada yake ni bei ya magunia mawili ya mchele. Mwanasheria akauliza: nacho tukiombe? Nikasema: nani anasafiri? Mimi Mwilokano, mtu wa kabila la wabahili, nilipie mlango nisiopita? Akaniuliza mara ya pili. Nikacheka. Choleng alinitazama, na mpaka leo ananitazama tu vilevile kila ninapopakua wali.

Kwa hiyo kila siku nang'arisha sakafu mbele ya mlango wa ndege ziendazo Manila, njia ya kwetu. Watu wanapita na maboksi yao, mimi nawaambia angalieni msiteleze.

Nicheke, nitukane, nimestahili. Ila nitafutie njia ya kumweleza Nanang.

Teryo asiye na kadi


Dingras
27 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Krismasi imepita salama. Boksi limefika, dawa ya goti inanuka lakini inafaa. Nanang amevaa kofia mbili kwa pamoja.

Nimemweleza. Amesema usije. Kaa hapohapo mpaka ofisi yao imalize kazi yake, mtunze Choleng, sikukuu zipo kila mwaka. Amenikataza nisikukaripie.

Kwa hiyo sikukaripii. Usije, Teryo.

Manang wako


Waipahu
10 Januari 1999

Manang Tiva,

Heri ya mwaka mpya. Mguu wa Choleng una nafuu. Mgongo wangu ni mzima na ulikuwa mzima siku zote.

Nimeisoma barua yako mara sita. Nimetafuta tusi, sijaliona. Hukuniita mpumbavu hata mara moja! Nimekujua miaka hamsini na mbili, uliniita mpumbavu siku ya ubatizo wangu kwa kulia mapema. Umenitia hofu. Mmemchagua Hermano mwingine mkaona aibu kuniambia? Semeni tu, nitanuna wiki moja kisha yataisha.

Kwa vyovyote, nimekwenda mwenyewe kuomba kile kibali, na ada nimelipa, magunia mawili yameondoka. Kwa njia ya kawaida ni siku tisini, pengine zaidi. Nikamwambia karani dirishani: mimi nina dharura. Akasema andika sababu. Nikaandika, "Kuongoza sikukuu ya Bikira." Akasoma, akauliza dharura iko wapi hapo. Nikamwambia nguruwe amekwisha nona. Hakucheka, Manang. Nadhani wanafundishwa.

Ila alikuwa mtu mwema. Akanieleza kwamba wanaoharakishiwa ni wenye mgonjwa: mzazi akiwa hoi, ukaleta barua ya daktari, kibali kinatoka ndani ya siku mbili tatu. Nikamwambia asante, kwetu wote wazima. Basi nikapanda basi kurudi kazini nimenuna, nimekasirika kabisa, eti kwa nini sina mgonjwa hata mmoja. Mungu anisamehe.

Mniambie nguruwe alivyokuwa mtamu.

Teryo


Dingras
4 Februari 1999

Ading,

Sikukuu ilikuwa juzi. Nakueleza yote, kwa mpango, usiruke kurasa.

Hermano ulikuwa wewe. Nanang hakukubali abadilishwe mtu. Akasema jina limeshaandikwa kwenye bango. Basi tukaikuza picha yako ya suti mjini Laoag, tukaitia fremu, mama Ulpiana akaizungushia maua meupe na utepe, tukaiweka juu ya kiti chako mlangoni kwa kanisa. Mimi, mwerevu wa ukoo, sikuona kasoro yoyote. Picha kubwa, maua meupe, mlangoni kwa kanisa! Wa kwanza kufika alikuwa mzee Gorio wa ng'ambo ya mto. Akasimama mbele yako, akavua kofia, akalia. Akaweka tupig mbili, zile keki za unga wa mchele, kwenye jani la mgomba mbele ya picha, akawasha sigara akaiweka kando kwa ajili yako. Wa nyuma yake wakaona chakula cha marehemu kimetengwa, nao wakatenga. Tukiwa ndani tunapanga viti, nasikia mwanamke anaomboleza: "Eleuterio, umetuacha na umri mdogo!" Kutoka nje, una mayai, una wali wa kunata, una glasi mbili za pombe, na watu kumi na watano wanakulilia. Mmoja ananipa pole na kuniuliza mwili unaletwa lini kutoka Hawaii.

Nanang tulikuwa tumemkalisha kwenye kiti chenye mito. Alicheka mpaka tukamshika asianguke. Alipotulia akaomba aletewe tupig moja, akasema, "Ni ya mwanangu, hawezi kuninyima." Akamega kipande, akatafuna, akashindwa kukimeza.

Sasa nisikilize vizuri.

Nanang ni mgonjwa. Ni saratani ya tumbo, tangu Julai. Alipotangaza kadi yako kanisani alikuwa ametoka kwa daktari siku mbili nyuma. Cheo cha Hermano ni yeye aliyekiomba kwa wazee, akawabembeleza, maana alitaka uje kwa furaha, usije kwa kuitwa na mgonjwa. Tulidhani una kadi, huna cha kupoteza, utapanda ndege na kurudi. Ulipoandika huna, akasema: sasa asiambiwe kabisa, mjinga yule atapanda bila karatasi. Ni kweli, ungepanda. Nami nikakaa kimya, nikajiona nakulinda, dada mwenye akili.

Halafu barua yako ya karani imefika jana. Nimeisoma mlangoni nikakaa kwenye ngazi, na goti hili. Wewe unanificha huna kibali, mimi nakuficha mgonjwa, kumbe mgonjwa ndiye kibali! Mwezi mzima wa Januari nimelalia kitu ulichokuwa unakitafuta. Nimejiita majina ambayo sikuwahi kukuita hata wewe.

Humu ndani mna barua ya daktari, ina muhuri na sahihi, nimeifuata Laoag leo asubuhi. Anasema wiki, hasemi miezi. Peleka dirishani. Nanang hajui kama nimekuandikia, na akijua atanipiga kofi.

Njoo, lakini njoo na karatasi.

Tiva


Waipahu
17 Februari 1999

Manang,

Barua ilifika juzi. Nilikuchukia kwa dakika kumi hivi, Choleng alihesabu. Halafu nikakumbuka mimi ni nani katika hadithi hii, nikanawa uso.

Karani ni yuleyule. Alisoma barua ya daktari, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye wa nguruwe." Nikasema ndiyo. Kibali kimetoka leo mchana, kina picha yangu, naonekana kama mwizi wa kuku. Naruka kesho, nafika Laoag Jumamosi. Barua hii itafika baada yangu, nayo naiandika tu kwa kuwa mikono haitulii.

Usimwambie Nanang. Hapana, mwambie. Mwambie sasa hivi.

Teryo


Dingras
27 Machi 1999

Ading,

Una siku tatu tangu uondoke na nyumba bado inanuka ule uji uliounguza. Mtu wa wiki tano jikoni, hukujifunza hata kupunguza moto. Sufuria nimeitupa.

Nanang anasimulia habari zako kwa kila anayekuja, nami nimekaa kando nazisikia kama vile sikuwapo. Jinsi ulivyoingia mlangoni, akakukagua juu mpaka chini, akasema, "Huyu ndiye Hermano? Mbona kwenye picha alikuwa na mwili?" Jinsi ulivyombeba mpaka kanisani ukaanza kuhema nusu njia, akakuambia umtue, yeye akubebe. Anaongeza chumvi. Katika hadithi ya jana ulikuwa umemzungusha kijiji kizima.

Hasimulii ile asubuhi Choleng alipopiga simu kwamba wito wa usaili wa kadi yako umefika, tarehe tano Aprili. Najua umeondoka umekasirika. Ulisema utaomba waahirishe, naye akakukatalia mbele ya watu. Nilitaka kukutetea, nikashindwa. Ulipokuwa unafunga begi nilimuuliza kwa nini anakufukuza. Akasema: "Nimemwona, kaniona, tumecheka, kaniogesha. Nikishakufa sina la kumwambia. Mke wake anayo ya kumwambia." Halafu akageukia ukutani akalia sana, Teryo. Nakwambia kwa sababu tuliahidiana hapa mezani, hakuna kufichana tena hata moja.

Habari njema: leo ameomba wali na bagoong, ule mchuzi wetu wa samaki waliochachushwa. Amekula vijiko vitatu! Amesema bagoong yangu haina ladha. Nimefurahi mpaka nimetoka nje kuwaambia bata.

Nenda kwa hao watu, vaa shati jeupe, na ukiulizwa jambo jibu hilohilo uliloulizwa.

Manang wako


Waipahu
6 Aprili 1999

Manang Tiva,

Barua yako ya tarehe 27 imefika leo. Nimeikuta sandukuni nikirudi kazini. Wiki moja baada ya simu yako, nimesoma Nanang ameomba wali na bagoong, amekula vijiko vitatu. Nimefurahi, Manang. Kabisa, kwa muda wa mistari miwili nilifurahi.

Choleng yuko salama. Amefunga kitambaa cheusi mkononi, na jirani zetu wote wa kutoka kwetu wameleta chakula. Tumewatengea Nanang na Tatang, marehemu baba yetu, sahani yao mezani kama inavyotakiwa.

Sasa nikueleze ya jana, kwa mpango kama wewe.

Tulifika saa saba na nusu, nimevaa shati jeupe, vibanio havikuhitajika. Uliniambia kwenye simu misa ya mazishi ni Jumanne saa mbili asubuhi. Kwa hapa hiyo ni Jumatatu saa nane mchana. Na saa nane mchana kamili mlango ukafunguliwa wakaita jina langu.

Alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akatuapisha, mkono juu. Nikaapa kusema kweli tupu, mimi, ambaye mwaka mzima nimewaandikia ninyi jino na ndoto. Akafungua faili langu, akawa anapita swali baada ya swali na kalamu yake, anaweka alama. Jina ndilo hilo? Ndiyo. Anwani? Ndiyo. Umetoka nchini tangu uombe? Ndiyo. Kwa kibali? Nikampa. Sababu? Mama mgonjwa. Akaweka alama.

Akafika kwenye wazazi. "Baba, marehemu." Ndiyo. "Mama, Apolonia, anaishi Dingras. Bado ni hivyo?"

Nyuma yake kulikuwa na saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Nikahesabu: komunyo imekwisha, sasa wanamtoa. Nikasema, "Ndiyo." Kalamu ikashuka kuweka alama. Nikasema, "Hapana." Akainua macho. Nikasema, "Samahani, bibi. Amefariki Jumanne iliyopita. Wanamzika sasa hivi."

Wiki nzima nilikuwa sijalisema hilo neno. Wewe ulisema kwenye simu, mimi nikaitikia tu. Kazini nilisema nina mafua. Mtu wa kwanza kuambiwa na mimi kwamba mama yangu amefariki ni mwanamke wa serikali ambaye simjui jina, na nilimwambia kwa kuwa nilikuwa nimeapishwa.

Akaweka kalamu chini. Akasema tunaweza kuahirisha, haitaniharibia chochote. Nikamgeukia Choleng. Choleng akajibu, "Mama yake mwenyewe alisema aje." Yule mama wa miwani akachukua kalamu nyingine. Kisha akapiga mstari juu ya "anaishi Dingras", juu yake akaandika "marehemu" kwa wino mwekundu, akanisogezea ile fomu. Akasema kila badiliko lazima mwombaji atie herufi za jina lake pembeni. Nikatia. Herufi zikawa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na kule ninyi mlikuwa mnatupa udongo.

Ndivyo nilivyomzika Nanang. Usimwambie mtu, au waambie wote, sijui tena lipi ni bora.

Niandikie. Mlimvisha gauni lipi? Nani alilia kwa dhati, nani alikuja kula? Mama Ulpiana alisema nini? Usiache hata dogo.

Wamenikubalia. Kadi yenyewe itakuja kwa posta, kwa sasa wamenigongea muhuri kwenye pasipoti. Yule mama alinieleza taratibu, kwamba kuanzia sasa sihitaji kibali, naweza kwenda kwetu na kurudi wakati wowote ninaotaka. Pasipoti iko hapa mezani mbele yangu. Kesho nina zamu ya asubuhi.

Mdogo wako,
Teryo